Ikisiri Imekubaliwa, Profesa Hajui

Shikamoo Mjomba,

Niko mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza, nasomea jenetiki. Tangu mwaka jana najitolea kwenye maabara ya nzi wa matunda. Nilianza kwa kuosha chupa na kupika uji wa nzi, baadaye nikapewa kazi yangu mwenyewe: kuangalia kama nzi wenye badiliko katika jeni fulani wanastahimili joto sawa na nzi wa kawaida. Nawatia kwenye vichupa, nazamisha vichupa kwenye maji yenye joto lililopimwa, kisha kila dakika nahesabu walioanguka. Mpaka sasa nimehesabu nzi 1,840. Hata usingizini nahesabu.

Majibu yalinishangaza. Madume wenye badiliko wanaanguka mapema kuliko madume wa kawaida, lakini majike hawana tofauti. Kaka mmoja anayesomea uzamivu, ambaye ndiye aliyenifundisha kila kitu na ndiye mwenye mradi ambao nzi hao wametoka, aliitazama grafu yangu akasema, "Hapa pana kitu." Maneno hayo yalinilevya.

Siku chache baadaye niliona tangazo la kongamano la kimataifa la jenetiki. Ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea ikisiri. Profesa alikuwa safarini, na kaka alikuwa ameshakwenda kulala. Nikaandika maneno 250, nikaweka jina langu mwanzo, la kaka katikati, la Profesa mwisho. Kulikuwa na kisanduku kinachosema waandishi wote wameisoma ikisiri na kuiridhia. Nikakitia alama. Nilijiambia kwamba wataikataa tu, hakuna atakayejua.

Mjomba, wameikubali. Natakiwa kuwasilisha bango, wiki 14 kuanzia leo, ng'ambo. Nimekaa na habari hii siku tisa bila kumwambia mtu maabara. Nyumbani nimewaambia. Wazazi wangu wamefurahi mno, hadi wanasema wako tayari kukopa nauli.

Sasa kuna ruzuku ya safari kwa wanafunzi, na mwisho wa maombi ni wiki tatu zijazo, ila inataka barua ya msimamizi. Nimewaza kumwomba Profesa barua ya jumla tu ya kunipendekeza, nikishapata pesa ndiyo nimweleze, maana hapo itakuwa vigumu kwake kukataa. Au nijitoe kimyakimya, yaishe. Na kana kwamba hiyo haitoshi, juzi nimepokea baruapepe ya kongamano jingine inayoniita "Mtafiti Mashuhuri" na kunialika niwe msemaji mkuu. Hao hawataki barua ya mtu yeyote, wanataka ada ya usemaji tu. Nimeshawishika kidogo.

Nifanyeje?

Mhesabu Nzi

*

Marahaba, mpwa wangu.

Umenipa njia tatu na zote nazikataa. Ile baruapepe ya msemaji mkuu nitaifikia, haihitaji maneno mengi. Ukijitoa kimyakimya, Profesa anaweza kuja kuliona jina lake mahali, kwa sababu vyama vingi huweka ikisiri mtandaoni kabla ya kongamano, na wengine huzichapa kitabu kizima. Na ukimwomba barua huku umemficha sababu yake, utakuwa umegeuza kosa la usiku mmoja kuwa mpango. Kosa la usiku mmoja watu husamehe.

Kwa hiyo mwambie. Wiki hii, ana kwa ana kama yupo, kabla hujagusa fomu ya ruzuku.

Tuelewane kwanza kosa ni lipi, kwa sababu nahisi unadhani kosa ni kutamani makubwa ukiwa mwaka wa tatu. Hapana. Mwaka 1911, katika maabara ya Thomas Hunt Morgan pale Chuo Kikuu cha Columbia, kijana wa shahada ya kwanza aitwaye Alfred Sturtevant alikuwa akizungumza na Morgan kuhusu jeni zinazorithiwa pamoja. Likamjia wazo kwamba kadiri jeni mbili zinavyotengana mara nyingi zaidi, ndivyo zinavyokaa mbali zaidi kwenye kromosomu. Akaenda nyumbani, akaacha kazi zake za darasani, akakesha. Kulipokucha alikuwa na ramani ya kwanza ya kromosomu iliyopata kuchorwa. Makala yake ya jeni sita ilitoka 1913, jina lake peke yake. Sehemu ya takwimu alizotumia ilikusanywa na wenzake wa maabara, lakini wote walijua, na mwenye maabara ndiye aliyezungumza naye mchana wake. Wewe na Sturtevant mmekesha wote wawili. Tofauti ni kwamba yeye asubuhi alikuwa na watu wa kuwaonyesha.

Kosa lako ni kile kisanduku. Ulitia sahihi kwa niaba ya watu wawili ambao hawajasoma. Na kati ya hao wawili, aliye hatarini zaidi si Profesa. Profesa ana kazi yake, ana jina lake, na ikisiri moja haitambomoa. Aliye hatarini ni huyo kaka. Nzi ni wa mradi wake, na mradi ndio tasnifu yake. Huenda anapanga makala ambayo tokeo hili la madume litakuwa mchoro wa nne. Huenda nzi walitolewa na maabara nyingine kwa makubaliano kwamba lolote litakalopatikana halitangazwi bila wao kujua. Mambo ya namna hii mwanafunzi wa mwaka wa tatu haambiwi, si kwa kufichwa, ni kwamba hakuna aliyefikiri utayahitaji.

Niliwahi kuwa upande wa pili wa jambo hili. Mwanafunzi wangu alituma ikisiri bila kuniambia, nami nikazipata habari ukumbini, nimeshika kikombe, kutoka kwa mtu wa maabara tuliyokuwa tukishindana nayo. Alinipongeza. Nilitabasamu kama mtu aliyejua. Takwimu zilikuwa safi na ikisiri iliandikwa vizuri, hata hivyo ilinichukua muda mrefu kumwamini tena kijana yule. Angekuja ofisini kwangu wiki mbili kabla, ningefoka dakika tano, kisha ningechukua kalamu tusahihishe pamoja.

Anza na kaka. Mwambie siku hiyohiyo utakayomwona Profesa, saa moja kabla, ili asikurupushwe na maswali. Usimwombe akutetee. Mwambie ulichofanya, mwombe radhi, mwulize kama kuna sehemu ya takwimu zile asiyotaka itoke nje sasa. Akikasirika, mwache akasirike.

Kwa Profesa usianze na habari njema. Wanafunzi wengi wangeingia na "Profesa, tumekubaliwa!" wakidhani furaha italainisha mambo. Ingia na hili: "Profesa, nimekosea na nataka ulisikie kwangu mwenyewe. Nilituma ikisiri yenye jina lako bila kukuonyesha. Imekubaliwa. Hii hapa, na hii ndiyo tarehe ya mwisho ya kuirekebisha au kuiondoa." Kisha nyamaza. Usieleze kwamba alikuwa safarini, anajua alikuwa safarini. Na simu anayo.

Akisema iondolewe, waandikie waandaaji siku hiyohiyo kwa maneno mafupi na umpe nakala. Kuondoa ikisiri wiki 14 kabla ni jambo la kawaida kabisa. Lisilo la kawaida ni ubao mtupu wenye namba yako na watu wanapita wakiuliza mwenyewe yuko wapi. Akisema ibaki lakini irekebishwe, na mimi nadhani ndiko atakakoelekea, basi kazi inaanza, na hapo ndipo ninapotaka kukushika mkono, kwa sababu mpwa wangu, nina wasiwasi na hayo madume yako.

Swali la kwanza nitakalokuuliza nikisimama mbele ya bango lako: jeni hiyo iko kwenye kromosomu ipi? Kama iko kwenye X, dume ana X moja tu. Badiliko likiwemo, hakuna nakala nzima ya kulifunika. Jike ana X mbili. Sasa majike uliowapima walibeba badiliko kwenye X zote mbili, au moja? Kama ni moja, huna ugunduzi kuhusu joto na jinsia. Una urithi wa kawaida wa kromosomu X, kile alichokieleza Morgan mwaka 1910 kwa dume wake mwenye macho meupe. Nenda kaangalie daftari jinsi ulivyowazalisha, leo, kabla hujaenda popote. Kama jeni haiko kwenye X, au majike wako walibeba nakala mbili, pumua. Kaka ana haki ya kusema pana kitu.

Swali la pili: nzi wako "wa kawaida" walitoka wapi? Ukoo wa nzi wenye badiliko na ukoo wa nzi wa kawaida vikiwa vimefugwa mbalimbali kwa miaka, vinatofautiana katika mambo mengi sana mbali na hiyo jeni yako moja. Lolote kati ya hayo linaweza kuwa ndilo linalowaangusha madume. Dawa yake inajulikana, ni kuwazalisha wenye badiliko na nzi wa kawaida kizazi baada ya kizazi, ukilifuatilia badiliko tu, mpaka vinavyobaki vifanane. Katika nyuzi 25 nzi hutoka yai hadi mzima kwa siku kama kumi, lakini ukiweka na muda wa kukusanya majike mabikira na kuwapandisha, hesabu wiki mbili kwa kizazi. Vizazi sita ni wiki 12. Ukishamaliza hujabakiwa na muda wa kupima. Iko njia ya mkato iliyo halali: ukoo wa pili wenye badiliko tofauti katika jeni ileile, uliotoka asili nyingine. Madume wake nao wakianguka mapema, hoja yako imepata mguu wa pili wa kusimamia. Mwulize kaka kama upo kwenye rafu. Kituo cha nzi cha Bloomington, Indiana, huhifadhi makumi ya maelfu ya koo na huzituma maabara za nchi nyingi, ila kusubiri kifurushi kunakula wiki zako.

Tatu, hiyo 1,840 unayojivunia. Usiiandike kwa herufi kubwa kwenye bango. Nzi ishirini waliokaa kichupa kimoja, wakala uji mmoja, wakazamishwa pamoja asubuhi moja, hawakupi ushahidi mara ishirini. Kichupa ndicho kipimo chako, na pengine siku ya jaribio ndiyo kipimo chenyewe. Ukihesabu hivyo labda una vichupa tisini katika siku sita. Si haba, na ni ukweli. Rudia takwimu kwa hesabu hiyo uone kama tofauti bado inasimama.

Na mtu mwingine abandike lebo za siri kwenye vichupa ili usijue ni nzi gani unaowahesabu. Kusema nzi "ameanguka" ni uamuzi wa jicho, na jicho lina upendeleo wake. Waache pia wapumzike siku nzima au zaidi baada ya kuwalaza kwa kaboni dayoksaidi, la sivyo unapima uchovu wa gesi. Nadhani haya mengine kaka alikufundisha.

Hata ukibaki na majibu nusunusu, bango linaruhusu. Bango si makala. Watu huenda na kazi ambayo haijaiva ili wengine waonje. Unachotakiwa ni kuandika mahali panapoonekana, "Bado hatujaondoa tofauti za koo." Mtaalamu anayekuja kukuuliza hilo hilo akilikuta limeandikwa, anaacha kukuhoji na kuanza kukusaidia. Nimeliona mara nyingi. Hakikisha pia kichwa cha bango hakidai zaidi ya kilichomo: "linahusiana na" siku zote, "linasababisha" siku nyingine.

Haya, baruapepe ya "Mtafiti Mashuhuri". Ifute. Kongamano la kweli halimwiti msemaji mkuu mtu asiyemjua, na kwa kawaida msemaji mkuu hulipiwa nauli, hatozwi ada. Tazama utaona wamechanganya jenetiki, uuguzi na uhandisi ukumbi mmoja, na wanajibu ndani ya siku moja. Wanauza vyeti. Kosa lako la kwanza lina dawa, na dawa yake ni mazungumzo ya dakika ishirini. Cheti cha hao kitakaa kwenye wasifu wako miaka mingi, na kila anayejua atakijua.

Pesa. Usilipe chochote mpaka Profesa akubali. Akishakubali, swali la kwanza ni kama mradi wake una fungu la safari, kwa sababu mara nyingi lipo na wanafunzi wanaona haya kuuliza. Kisha idara na chuo. Kisha chama kinachoandaa kongamano: punguzo la wanafunzi, msamaha wa ada, kazi ya kujitolea ukumbini badala ya ada. Kuna mifuko iliyolenga watu kama wewe hasa. Katika mkutano wa kila mwaka wa watafiti wa nzi wa matunda unaoandaliwa na Genetics Society of America, uko mfuko wenye jina la Victoria Finnerty, mtafiti wa nzi, kwa ajili ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Hata kama kongamano lako ni jingine, lijue hilo kwa mwaka ujao. Kila ruzuku utakayoomba, soma kipengele cha malipo. Nyingi hurudisha pesa baada ya safari ukiwa na risiti, maana yake ulipe kwanza kwa pesa usiyonayo. Andika uulize kama wanaweza kukulipia tiketi na malazi moja kwa moja. Wengine hukubali, ila lazima uulize mapema.

Viza nayo ina kalenda yake. Hukunitajia nchi. Kama ni ya eneo la Schengen, yaani nchi nyingi za Ulaya zinazotumia viza moja, maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla, na uamuzi ambao kwa kawaida huchukua siku 15 unaweza kuvutwa hadi 45. Barua ya mwaliko ya waandaaji husaidia lakini haikupi viza. Kwa wiki 14 una nafasi, ila si ya kulala. Kama kongamano lina mlango wa kuhudhuria kwa mtandao, waulize sasa kama bango linaweza kuhamishiwa huko viza ikichelewa, usingoje ikataliwe ndipo uulize.

Usitarajie umati mbele ya bango. Watakuja wanane, labda kumi na wawili, na wawili kati yao watakuwa wamepotea njia. Agosti 1961, kwenye mkutano mkuu wa kimataifa wa biokemia mjini Moscow, Marshall Nirenberg, aliyekuwa hajulikani, alieleza katika chumba kidogo jinsi RNA, molekuli inayobeba ujumbe wa jeni, yenye herufi U peke yake ilivyotoa protini ya asidi amino moja tu, fenilalanini. Waliomsikia hawakufika hata hamsini. Habari zikamfikia Francis Crick, mmoja wa wagunduzi wa umbo la DNA, naye akapanga Nirenberg aisome tena mbele ya ukumbi uliojaa. Lilikuwa neno la kwanza la msimbo wa jeni kusomwa, na mwaka 1968 Nirenberg akapata Nobeli. Sikuambii nzi wako watakupeleka huko. Nakuambia mtu mmoja makini akisimama dakika kumi mbele ya bango lako na kukuuliza kuhusu X, safari imejilipa.

Sasa wazazi. Sijui hali yao na sitaki kuijua kupitia deni. Kongamano hili litafanyika tena, na wewe bado uko mwaka wa tatu. Ruzuku ikikosekana mwaka huu, utakwenda mwaka wa uzamili ukiwa na vizazi sita vilivyokamilika na koo mbili zinazokubaliana. Kwa hiyo kabla hujamtafuta kaka, kabla hujafungua daftari, piga simu nyumbani uwaambie wasiende kukopa.

Mjomba